Mguu wa Kusimamia

Rosette alikuwa hajala wala kunywa tangu Jumatano jioni, na alichokuwa akikiomba ni mvua, inyeshe Houston, Jumamosi.

Hakufunga peke yake. Laini ya maombi nzima ilifunga naye: wanawake na wanaume wa Kongo waliokutana kwa simu kila alfajiri kabla ya kwenda maghalani, viwandani na kwenye nyumba za wazee. Walifunga kavu, bila hata maji. Kiongozi wao, Mado wa DeSoto, alitaka ombi liwe na shabaha. "Mungu hapana mutu wa kubahatisha," aliwaambia. "Taja muji, taja siku, taja kitu unataka." Wakautaja mji, wakaitaja siku, wakaitaja mvua. Kisha, kwa kuwa mvua peke yake haikuwa na faida kwa mtu yeyote, wakataja pia kwamba Wanjohi, mtoto wa nesi Mkenya, ateleze.

Sababu ilikuwa ya kiufundi. Christian, mtoto wa kwanza wa Rosette, na Wanjohi walikuwa katika timu moja ya chuo kidogo nje ya Dallas, katika ule mpira wa Kimarekani unaochezwa zaidi kwa mikono. Kila timu ya mchezo huo ina mtu ambaye kazi yake ni mguu tu. Mwenzake anausimamisha mpira juu ya nyasi, yeye anakuja hatua mbili tatu na kuupiga upite juu, kati ya nguzo mbili. Mechi huchukua saa tatu na zaidi. Kazi yake yote haifiki dakika moja. Wanjohi alikuwa mpigaji wa kwanza. Christian alikuwa wa pili, na wa pili hupiga mazoezini. Kocha alikuwa na nafasi moja ya ufadhili kwa mpigaji kuanzia Januari, na alikuwa amesema wazi kwamba ataitoa baada ya mechi ya Houston.

Kwenye uwanja mkavu Christian hakuwa na hoja. Wanjohi alipiga mbali kuliko yeye, na kwa kishindo ambacho makocha hukipenda. Uwanja ukilowa, mambo yaligeuka. Watu hudhani mpira hupigwa na mguu unaougusa. Kwa kweli hupigwa na ule mwingine, mguu wa kusimamia, unaokitwa kando ya mpira na kuubeba mwili wote wakati mwenzake anazunguka. Wanjohi alikuja kwa kasi na kuukita kwa kisigino. Penye maji, kisigino huteleza. Christian alijifunza mpira pekupeku kwenye tope jekundu la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, naye aliukita mguu bapa, kwa hatua fupi, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Siku za mvua mazoezini hakukosa. Alilisema hilo mezani nyumbani, kwa majigambo ya kijana, na mama yake akalichukua na kulipeleka kwenye laini.

Asipopata nafasi ile, angeacha chuo. Baba yake, Polycarpe, alikuwa ameshazungumza na msimamizi wake katika ghala la Mesquite.

Loice, mama yake Wanjohi, alitoka Lewisville na gari lake na kumpitia Rosette kabla ya jua kuchomoza. Ni yeye aliyejitolea. Polycarpe alikuwa na zamu, na Loice hakuona maana ya mama wa mchezaji kukaa nyumbani wakati gari lina viti vitupu. Alikuwa nesi wa chumba cha upasuaji, mwanamke wa mipango. Kiti cha nyuma kilibeba makoti mawili ya mvua, taulo, chupa ya chai na bakuli la chapati lililofunikwa kwa foili.

"Mama Christian, fungua hiyo bakuli. Ziko moto bado."

"Merci, Maman Wanjohi. Tumbo hainipendi leo."

"Tumbo gani? Utaanguka huko stadium, nikose mahali pa kukuweka." Loice alimtazama kwa pembe ya jicho. Midomo ya Rosette ilikuwa imepasuka. "Wewe unafunga."

"Kidogo."

"Hakuna kufunga kidogo. Ni kama mimba. Unaombea nini?"

"Watoto."

Loice alifurahi kwa dhati. "Ombea wote wawili basi. Mimi na hizi shifti, nimesahau hata Baba Yetu inaishia wapi."

Walipoiacha Dallas nyuma, alidai Rosette alete simu. Redio ya asubuhi ilikuwa na matangazo matupu, na mtu anayefunga anahitaji nyimbo. Akaiunganisha simu ya Rosette na spika za gari kwa mkono mmoja, na kwaya ya Uvira ikajaa garini. Loice hakuyajua maneno, lakini alipigapiga usukani kwa vidole. Rosette alikuwa akiitazama mbingu. Juu ya Corsicana ilikuwa safi. Upande wa kusini, kwa mbali, kulikuwa na mstari wa kijivu mwembamba kama vumbi la mkaa.

"Wanasema mvua asilimia thelathini," Loice akasema. "Ipite tu. Wanjohi akiona maji anakuwa kama ndama amezaliwa leo."

 Rosette akaliuliza jambo lililokuwa likimsumbua tangu juzi, na akamuuliza Loice kwa sababu Loice ndiye nesi pekee aliyemjua.

"Maman Wanjohi, kifundo ikivimba toka Jumanne, ni kitu ya kuogopa?"

"Kifundo ya nani?"

"Ya Christian. Alikanyaga vibaya kwa ngazi. Anafunga bandeji mwenyewe, asubuhi na mangaribi. Hataki munganga wa timu aone."

"Gani? Kushoto ama kulia?"

"Kushoto."

Loice alipunguza sauti ya kwaya. Aliuliza kama kifundo kina rangi ya zambarau, kama anaweza kusimama juu yake bila kujishikilia, kama usiku kinamwamsha. Rosette alijibu alichokijua: rangi ipo, kusimama anaweza, usiku kinamwamsha.

"Kushoto ndiyo mguu anasimamia," Loice akasema. "Mwambie asipige leo. Hata kama ni mpira mmoja. Hiyo ni ligamenti imeanza kuachia. Akiikanyagia vizuri mara moja tu, atatembea nayo hivyo mpaka uzee."

"Yeye ni wa pili. Hawatamuita."

"Basi sawa. Mimi sitasema. Hiyo ni siri yako."

Rosette alishukuru. Aliamini kwamba Mungu anayeweza kutuma mvua mahali maalumu anaweza pia kushika kifundo kimoja mpaka mechi iishe, na hakuona mgongano wowote kati ya alichokisema na alichokuwa akikiomba.

Walikuwa wameipita Madisonville matone ya kwanza yalipogonga kioo. Yalikuwa makubwa na machache. Kisha kwaya ikakatika, simu ikaita kwenye spika zote nne, na kabla Rosette hajajua aguse wapi ikajipokea.

"Maman Christian! Bwana asifiwe! Mvula imefunguka!" Ilikuwa sauti ya Mado, na nyuma yake sauti nyingine, laini nzima ikiwa wazi. "Niko naangalia kwa simu, Houston iko nyeusi tii! Yule mutoto wa Kenya atateleza leo mbele ya batu bote! Mguu yake itakuwa sabuni! Sema Amina!"

"Amina!" ikasema laini.

Rosette aliikamata simu na kuiminya, lakini sauti haikuwa ndani ya simu. Ilikuwa milangoni, chini ya viti, kila mahali.

"Unasikia, Maman? Mama yake anajiona na ile kazi ya hospitali! Leo hospitali hapana saidia yeye! Anguka, mutoto wa Kenya! Anguka!"

Loice aligusa kitufe kwenye usukani. Ikabaki sauti ya waipa.

Aliendesha maili kadhaa. Mwendo wake haukubadilika.

"Sabuni," akasema mwishowe.

"Maman Wanjohi..."

"Tangu lini?"

"Jumatano."

"Na chapati zangu ukazikataa. Yaani hata wakati nakupitia pale kwako, nakufungulia mlango, ulikuwa katikati ya kazi."

Rosette alikuwa na aibu, lakini alikuwa na hoja pia, na hoja ilikuwa kubwa kuliko aibu. "Wewe akikosa unaongeza shifti, mutoto anasoma. Mimi akikosa, anaingia ghala Januari. Anabeba makartoni kama baba yake mpaka mugongo ikatike. Hatukuomba aumie. Tuliomba ateleze tu."

"Na mtu akiteleza, Mama Christian, unajua huwa anatua wapi?"

 Loice alinyoosha mkono, akagusa skrini ya dashibodi, akaitafuta namba ya mtabibu wa timu. Wazazi wote walipewa namba hiyo mwanzoni mwa msimu. Simu ikaita kwenye spika zilezile. Alizungumza Kiingereza cha kazini, taratibu, na Rosette, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kiwandani, alielewa kila neno. Alijitambulisha. Alisema kifundo cha kushoto cha Christian kimevimba tangu Jumanne, kina rangi, kinamwamsha usiku, na mchezaji anakifunga mwenyewe ili kisionekane. Alisema amelisikia hilo kwa mama mzazi. Alishauri kikaguliwe kabla ya mchezaji kuvaa viatu. Mtabibu alimshukuru mara mbili.

Kila neno lilikuwa kweli, na ushauri ulikuwa sahihi.

"Uliniahidi," Rosette akasema.

"Niliahidi mtu mwingine."

Loice akaongeza, "Mimi ni nesi. Nikijua nikanyamaza, wananichukulia leseni." Hakuna ambaye angemchukulia leseni. Ndilo jambo pekee la uongo alilosema siku hiyo. Rosette aliizima simu yake na kuitia mkobani.

Ardhi ya Houston ni tambarare, na udongo wake ni wa mfinyanzi: maji yakifika hayana pa kwenda. Uwanja ulikuwa wa zamani, wa nyasi za asili, upande wa mashariki wa mji. Viwanja vya namna hiyo hujengwa na mgongo katikati ili maji yateremke pembeni, kwa hiyo katikati hubaki na nyasi wakati kingo zinakuwa madimbwi. Walipofika, kingo zote mbili zilikuwa ziking'aa.

Viti vya familia za wachezaji vilikuwa na namba, na namba zao zilifuatana. Miavuli hairuhusiwi kwenye jukwaa. Rosette alikaa na kitambaa chake cha kichwa kikiwa kimeshalowa, na Loice akamrushia koti la pili mapajani.

"Sitaki."

"Mvua ni yako. Koti ni langu. Vaa."

Akavaa.

Wenyeji walifunga mapema, kabla uwanja haujaharibika, wakapata pointi saba. Baada ya hapo mvua ikashuka yote kwa pamoja, na mchezo ukawa mchezo mwingine. Mpira uliolowa huwa mzito na mtelezi. Warushaji waliacha kurusha, kwa sababu uliwachomoka vidoleni kabla ya wakati. Kila baada ya mchezo mmoja mwamuzi aliingiza mpira mkavu na kuutoa mwingine ukidondosha maji. Wachezaji walijichomekea taulo kiunoni, na taulo nazo zikawa matope. Ilibaki kazi moja tu, kukimbia na mpira umekumbatiwa kama mtoto, kuanguka, kuamka na kukimbia tena. Pale walipokimbilia mara nyingi, upande wa kulia, nyasi ziling'oka na udongo mweusi ukabaki uchi.

Katika robo ya tatu timu ya Dallas ilipenya hadi mwisho, ikapata pointi sita. Ilistahili pigo moja la nyongeza la kusawazisha. Ni pigo la karibu mno, ambalo mashabiki hulitumia kwenda chooni. Wanjohi aliingia, akahesabu hatua zake kurudi nyuma na kuinua mkono. Loice alikuwa ameyafumba macho. Rosette hakufumba.

Kisigino cha kushoto kiligusa maji na kuendelea na safari. Mguu wa kulia ukaugonga mpira ubavuni, nao ukaruka chini chini na kumpiga mwenzake mmoja mgongoni, na Wanjohi akakaa kitako katikati ya dimbwi, miguu mbele, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja ufukoni kupumzika. Uwanja mzima ulicheka. Mwanamume mwenye kengele ya ng'ombe, nyuma yao, alisimama juu ya benchi akapiga kelele kwamba kijana aletewe bata wa plastiki.

Rosette alifurahi. Huo ni ukweli na hauhitaji kupambwa. Alipoligeuza jicho kwenye benchi aliona kocha akitembea kwa haraka mbele ya wachezaji, akitafuta mtu, na akajua anamtafuta nani.

Christian alikuwa amesimama mwishoni, amevaa koti refu la timu. Kichwa chake kilikuwa wazi. Mtabibu, mwanamke mfupi mwenye kofia nyekundu, alimtangulia kocha, akatikisa kichwa na kulionyesha sanduku alilokuwa amelikalia muda wote. Kwenye mchezo ule, mchezaji aliyezuiwa na matabibu hunyang'anywa helmeti, ili joto la mechi lisimrudishe uwanjani. Helmeti ya Christian ilikuwa ndani ya sanduku.

Loice alikuwa amefumbua macho. "Wamefanya kazi yao," akasema.

Kwa kuwa hapakuwa na mpigaji mwingine, walianza kumtengeneza yule waliyekuwa naye. Mtu wa vifaa alimkalisha Wanjohi, akafungua meno mafupi ya njumu zake kwa koleo na kufunga marefu ya chuma, yanayozama udongoni. Christian naye alisogea, akichechemea. Waliweza kumwona kutoka juu. Aliinama mbele ya mwenzake, akaonyesha kwa mkono: hatua fupi. Akaonyesha kwa mguu wake mzima: bapa, kisigino na vidole kwa pamoja. Wanjohi akaiga. Christian akamrekebisha, akamshika kifundo na kukinyoosha. Waliirudia wakati mechi ikiendelea nyuma yao.

"Anamufundisha," Rosette akasema, na haikuwa wazi kama analalamika.

 Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Loice alionekana hana mpango.

Mechi ilibaki saba kwa sita mpaka dakika ya mwisho. Timu ya Dallas ilisukuma mpira hadi karibu na nguzo na kukwama hapo, upande wa kulia, katikati ya udongo uliochimbika. Yadi ishirini na saba. Kurusha haikuwezekana, kukimbia kulikuwa kumeshindikana mara tatu. Kocha alimtuma Wanjohi apige: pigo kama hilo lina pointi tatu.

Alikuja kwa hatua fupi. Aliukita mguu bapa, kisigino na vidole kwa pamoja, sawasawa na alivyofundishwa. Meno marefu yakazama kwenye mfinyanzi mpaka mwisho, na mguu ukashika.

Mguu unaoteleza humwaibisha mtu, lakini huliokoa goti, kwa sababu nguvu ya mzunguko hupata pa kutokea. Mguu ulioshika hauna njia hiyo. Mwili wa Wanjohi ulizunguka kama ulivyozoea kuzunguka, kwa nguvu zake zote. Nyonga ilizunguka, paja likazunguka, na kiatu kikabaki kilipokuwa. Mpira ulipita katikati kabisa ya nguzo, juu, bila shaka yoyote, na waamuzi wawili wakainua mikono.

Wachezaji walimrukia yule aliyeusimamisha mpira, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa wima. Walirukaruka juu ya Wanjohi aliyekuwa chini, kabla ya mmoja wao kusikia kilio chake.

Loice alikuwa ameshasimama tangu mguu ulipokita. Miaka yote ya kazi alikuwa amewapokea watu wa goti wakiwa wamelala, tayari wamefunikwa. Hakuwahi kuliona likitokea.

"Ni ligamenti ya mbele," akasema, kwa sauti ya kawaida. "Na pengine ya pembeni."

Wakambeba.

Katika hospitali waliyompeleka, Rosette alikaa kwenye ukumbi wa kungojea na koti la Loice mwilini. Angeweza kwenda wapi? Basi la timu si la wazazi, na gari lililomleta lilikuwa la Loice. Aliwasha simu ili Christian aweze kumpata, na Christian akampata.

Aliongea Kiingereza, haraka, kama afanyavyo akiwa na furaha. Kocha alikuwa amemwita kwenye korido. Nafasi ilikuwa yake. Kocha alisema anasikitika kwa Wanjohi, pigo lilikuwa la kiume, lakini goti la namna hiyo ni mwaka mzima, na timu haiwezi kulifadhili goti. Daktari alikuwa amekipima kifundo: wiki tatu za kupumzika, kitapona. Angepiga leo, kingekwisha.

"Daktari anasema mtu alipiga simu, Mama. Nani? Nataka kumshukuru."

Rosette aliutazama mlango ambao Loice alipitia.

"Ni Mungu," akasema, na akakata.

Loice alirudi akimsukuma Wanjohi kwenye kiti cha magurudumu. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa kwenye gamba gumu kutoka pajani hadi kifundoni. Wangempasua Dallas, uvimbe ukishashuka. Loice alikuwa ameshachagua daktari. Alimjua kwa kazi ya mikono yake. Wakamlaza kiti cha nyuma, mguu juu ya taulo zilizokunjwa, na ikabidi bakuli la chapati lihamishiwe mbele, mapajani mwa Rosette. Wanjohi alikuwa macho, mzito kwa dawa. Kiswahili alikisikia kidogo, kukijibu hakukijibu zaidi ya neno moja.

"Pole, mwanangu," Rosette akamwambia.

"Asante, Auntie," akasema kijana, na alimaanisha.

Loice aliwasha gari. Waipa zikaanza, taa zikawaka, na simu, iliyokumbuka ilipounganishwa asubuhi, ikajiunganisha tena. Ikaita. Rosette alitumbukiza mkono mkobani. Spika zilikuwa zimeshapokea.

"Maman Christian! Tuliona yote kwa simu! Bwana wa majeshi!" Nyuma ya Mado watu walikuwa wakipiga makofi. "Kwanza ameteleza, batu wamecheka! Na ya pili, sisi tulifikiri Mungu amesahau, kumbe iko na mupango yake! Wamebeba yeye! Wamebeba yeye kama gunia! Na Christian? Amepata?"

Kidole cha Loice kilikuwa juu ya kitufe cha usukani. Hakukibonyeza.

"Jibu," akasema polepole. "Mungu asingojeshwe."

Rosette alilowanisha midomo, lakini ulimi ulikuwa mkavu vilevile. "Amepata," akasema.

Laini ililipuka. Mtu alianza wimbo, wengine wakaudaka. Mado alipaza sauti juu yao wote. "Sema Amina, Maman! Ombi bila Amina hapana fungwa! Sema kwa nguvu!"

Kwenye kioo cha juu Rosette aliweza kuona kichwa cha Wanjohi, macho wazi, yakiitazama dari ya gari. Loice alikuwa akitazama mbele, mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta wa maegesho na maji yakiteremka juu yake. Alikuwa na subira ya mtu anayesubiri dawa ya usingizi ishike.

Nafasi ilikuwa imepatikana. Kuikana sasa, mbele ya walioifungia, kulikuwa kuikosesha mizizi, na Rosette hakuwa mtu wa kuhatarisha alichokipata.

"Amina," akasema.

Ndipo Loice akabonyeza.

Kutoka nyuma, Wanjohi aliuliza kwa Kiingereza, maneno yakiburutana, wale watu wanashangilia nini.

"Mvua," mama yake akamjibu.

Walitoka maegeshoni, wakashika barabara kuu ya kurudi kaskazini. Mchana ulikuwa unaisha na malori yalikuwa yakiwarushia maji. Walipoupita mji, Loice alinyoosha mkono bila kugeuka, akabandua foili ya bakuli.

"Kula. Funga yako imeisha."

Chapati zilikuwa zimepoa na kuwa ngumu. Rosette alikata kipande kidogo, kwa heshima. Kisha mwili, ambao haukuulizwa lolote tangu Jumatano, ukajichukulia, na akala chapati nzima, na nyingine, akitafuna kwa sauti aliyoisikia mwenyewe na asiweze kuizuia.

"Chumvi imetosha?" Loice akauliza.

"Imetosha."